Halipwi, hashiki, anatazama tu

Kaka yangu wa Mpala, kando ya ziwa Tanganyika, alicheka kwenye WhatsApp mpaka akakohoa. Nilikuwa nimemwambia kwamba binti yangu anakwenda hospitali kumfuata daktari wa mifupa. Analipwa? Hapana. Anafunga plasta? Haruhusiwi. Basi anafanya nini? Anatazama. Tangu hapo ukoo mzima unamwita Dokta Mtazamaji, ndiyo maana naandika.

Jamani, hapa Iowa si Lubumbashi. Kwetu ukishapata diploma ya Serikali ya kumaliza sekondari unaingia udaktari moja kwa moja, na staji ya hospitalini mnaijua. Marekani mtoto anasoma kwanza chuo kikuu miaka 4, kisha ndipo anaomba shule ya udaktari, miaka mingine 4. Na hao wanaochagua wanataka kujua kama amewahi kuuona udaktari kwa karibu au anaupenda kwenye televisheni tu.

Lakini hata kutazama kuna masharti! Ipo sheria ya 1996 ya siri za wagonjwa, basi karatasi za kutia sahihi hazina mwisho. Halafu kipimo cha kifua kikuu: wanachoma sindano ndogo juu juu kwenye ngozi ya mkono, unarudi baada ya siku 2 au 3 wapime uvimbe. Ukichelewa, unaanza upya. Watoto wetu waliochanjwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, wanaweza kuvimba bila ugonjwa wowote, wakaambiwa wakapige picha ya kifua. Yote hayo ili msichana asimame kwenye kona, mikono nyuma! Mdogo wake wa miaka 8 naye ameiga: haoshi vyombo mpaka nimtilie sahihi fomu.

Na anachokitazama si kidogo, kaka. Ni hapa Iowa alipofika mwaka 1941 Ignacio Ponseti, Mhispania aliyekimbia vita vya kwao, akaja kubuni njia ya kunyoosha miguu ya watoto wanaozaliwa nayo imepinda kwa ndani. Daktari anausukuma mguu taratibu kwa vidole, anaufunga plasta kutoka vidoleni hadi pajani. Wiki inayofuata anaifungua, anasukuma tena, anafunga nyingine. Mwishoni ni viatu viwili vilivyounganishwa kwa ufito, saa 23 kwa siku miezi 3 ya kwanza, kisha usiku tu kwa miaka kadhaa. Binti yangu alimfunga mdogo wake mguu mzima kwa karatasi za chooni, rola 2. Yule naye akagoma kufunguliwa, akalala nazo.

Kaka ananiambia daktari wa kweli hutoka kazini. Haya, ng'ambo ya ziwa letu, kule Karema, Adrien Atiman aliganga watu tangu 1889 hadi alipofariki 1956. Huyo alitekwa utotoni upande wa mto Niger, akauzwa, akakombolewa. Lakini hata yeye alipelekwa kwanza Malta kusoma udaktari.

Na kwa kuwa hata kutazama kuna masharti, wazazi wenzangu mlio huku, kadi za chanjo za watoto ziwekeni pamoja na pasipoti. Ile yetu tuliitafuta chini ya vitanda vyote.