Pikapu za Tana River: gharama ya chuma inamwangukia mkulima

Mwenye pikapu anayenunua maembe Kinakomba, katika Kaunti ya Tana River nchini Kenya, humpelekea fundi wa kuchomelea gari lake kabla halijabeba mzigo wa kwanza. Ngao ya mbele, bamba la chuma chini ya sampu, wavu wa rejeta na majani ya ziada kwenye springi za nyuma sasa ni sehemu ya mtaji, sawa na dizeli. Gereji za Hola, Garsen na Madogo hupata riziki kwa kazi hii, na wateja wake husafirisha maembe, mbuzi na bidhaa za duka kati ya Malindi na Garissa.

Kaunti hiyo ina takriban kilomita za mraba 38,000, na sehemu kubwa ya njia zake ni za udongo. Kando ya mto Tana kuna udongo mweusi unaonasa gari mvua ikinyesha na kupasuka mitaro jua likiwaka. Kisha kuna mathenge, mti ulioletwa kuzuia jangwa na ambao serikali iliutangaza gugu hatari mwaka 2008. Miiba yake hupenya tairi la kawaida, ndiyo maana wengi hununua matairi ya nyuzi nyingi na kubeba mawili ya akiba.

Mfanyabiashara mmoja wa maembe, aliyezungumza kwa sharti la kutotajwa jina, ana lalamiko linalosikika kote mtoni. Msimu mkubwa wa maembe huanza mwishoni mwa mwaka, wakati huohuo mvua za vuli zinapokata njia za mashambani. Embe lililoiva halisubiri njia ikauke, kwa hiyo yeye huingia tu, na kila akiingia kitu huvunjika. Anasema alinunua bamba la dukani Mombasa likakunjika kwa kisiki cha kwanza, akalazimika kuchongewa jingine zito zaidi. Uzito huo ukapunguza maembe anayoweza kubeba na kuongeza dizeli. Mnunuzi wa Malindi hulipa kwa kila embe, hajali gari lilipita wapi. Pengo hilo, anakiri, hulifidia kwa kushusha bei anayompa mkulima.

Kwake, huo ni ushuru wa barabara unaotozwa bila risiti. Ni vigumu kumpinga.

Mafundi wenyewe wanaonya kwamba chuma si dawa ya kila kitu. Bomba la kuvutia hewa lililopandishwa hadi usawa wa paa huzuia maji kuingia kwenye silinda, ambako hupinda konrodi kwa kuwa maji hayagandamiziki. Lakini kiungo kimoja kilichozibwa vibaya hulifanya bomba hilo kuwa pambo, na halilindi difu wala nyaya za umeme. Majani ya springi yakizidi, mzigo wote huhamia kwenye chesisi. Bamba lisilo na matundu hushika tope na joto. Kuchomelea chesisi ovyo huidhoofisha palepale inapohitaji nguvu.

Maofisa, kwa upande wao, husema barabara kuu kati ya Malindi na Garissa inapitika na kwamba ukarabati unaendelea. Huenda ni kweli wakati wa kiangazi. Ila mafuriko ya Novemba 2023 na ya Aprili na Mei 2024 yaliikata barabara hiyo katika sehemu kadhaa, na mabwawa ya juu ya mto yakifurika, maji hufika huku hata pale ambapo hakujanyesha. Aidha, barabara kuu si njia ya shambani. Embe huanza safari kwenye kijia ambacho maofisa hao hawakitaji.

Je, biashara hii ya chuma itaendelea kukua? Kwa mafundi, dalili ni nzuri maadamu njia ni mbovu. Kwa wasafirishaji, mengi yanategemea mvua za vuli na bei ya Malindi, na yote mawili hayatabiriki. Makalvati na changarawe kwenye vijia vya mashambani vingeweza kupunguza gharama kuliko ngao yoyote, lakini ahadi za aina hiyo zimesikika misimu mingi. Hadi zitimizwe, mkulima wa Kinakomba ataendelea kuchangia bamba la gari asilolimiliki.