Kawa ya moja kwa moja: mlimaji wa Masisi anabakia na nini?

Kwenye soko ya Bweremana ama ya Sake, mlimaji anauzisha kawa yake bila kujua itanywewa wapi. Wengine wanaiuzisha ingali maua kwenye muti, kwa sababu minervali ya watoto haingojei mavuno. Anayetoa mkopo ndiye anapanga bei. Ndiyo maana hii habari ya "biashara ya moja kwa moja" na maduka ya ng'ambo inavutia wengi.

Tuelewane kwanza: si mlimaji wa Nyabiondo kupigia simu duka ya London. Kontena moja inabeba tani 19 hivi za kawa ya kijani, ile iko tayari kusafirishwa inje. Kilo 1 ya kijani inatoka kwa kilo 6 hivi za matunda mekundu. Fanya hesabu: zaidi ya tani 110 za matunda! Familia yenye nusu hekta haiwezi. Kunahitajika koperative, na kituo cha kuoshea karibu, maana matunda yanapaswa kumenywa siku ile ile yamevunwa. Kwa barabara za Walikale, hapo tu ndipo mambo yanakwama.

Mfano uko jirani, Minova. Mbele, walimaji wa kule walivusha kawa usiku kwa mitumbwi kwenda Rwanda, na Ziwa Kivu ilimeza wengi. Koperative SOPACDI, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilijenga kituo chake, na mwaka 2011 ikapata cheti cha Fairtrade, ya kwanza kwa koperative ya kawa katika Congo. Kawa yao ikafika kwenye maduka ya Sainsbury's, Uingereza.

Lakini cheti na "moja kwa moja" si kitu kimoja. Fairtrade iko na sheria: toka Agosti 2023, arabika iliyooshwa hailipwi chini ya dola 1.80 kwa libra (gramu 454), na senti 20 juu yake kwa ajili ya koperative. Hiyo ni bei ya kawa ya kusafirisha. Toa kuosha, gari, takse, bariere. Kinachobakia ndicho cha mlimaji. Moja kwa moja haina sheria ya wote: kila mnunuzi anaandika yake. Kwa hiyo uliza: kontrati iko wapi? Nani analipa mbele ya mavuno? Chini ya Fairtrade, koperative inaweza kuomba mpaka asilimia 60 mapema. Kwangu, hiyo inazidi hata bei, kwa sababu ndiyo inaondoa mkopo wa maua.

Kuna mtego. Februari 2025, bei ya New York ilipita dola 4. Wakati kama ule negosia anakuja na cash mkononi, mwanamemba anamuuzia, na koperative inakosa mzigo iliyoahidi.

Tena vita. Goma ilipochukuliwa na AFC/M23 Januari 2025, banki zilifunga. Mnunuzi wa Ulaya analipa kwa konti, si kwa mufuko.

Na sasa Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya 2023 ambayo kuanza kwake kumesogezwa zaidi ya mara moja, unataka alama ya GPS ya kila shamba, kuonyesha kwamba pori halikukatwa kisha 2020. Mashamba mengi ya Masisi wenyewe wamekimbia. Atakayeenda kuyapima hajaonekana.