Uvimbe Kichwani: Je, Ni Lazima Kichwa Kifunguliwe?



Harambee ya mguu uliovunjika kila mtu anaielewa. Lakini mtu akisemekana ana "kitu kichwani", mkutano unanyamaza. Mmoja anasema ni majini. Mwingine anasema ni saratani, mbuzi wataisha bure. Wa tatu anasema akifika Nairobi atapasuliwa kichwa na hatarudi. Basi mgonjwa anakaa nyumbani, na uvimbe ambao labda ungetibika unaendelea kukua.

Toleo hili tuangalie kipimo kinachoitwa MRI. Ni mashine inayomwezesha daktari kuona ndani ya ubongo bila kisu. Tuone inafanya nini, haiwezi nini, na kikundi kifanye nini kabla ya kuchanga pesa.

Ni nani anahitaji kupimwa?

Si kila maumivu ya kichwa ni uvimbe. Mara nyingi ni malaria, presha, macho, au kukosa maji ya kutosha kwa hili joto letu. Anzeni zahanati. Lakini msikae kimya mkiona mambo haya:

- Maumivu ya kichwa yanayozidi wiki baada ya wiki, hasa asubuhi pamoja na kutapika.
- Mtu mzima kupata kifafa kwa mara ya kwanza maishani.
- Mkono na mguu wa upande mmoja kulegea pole pole.
- Macho kupoteza nuru, au kuona vitu viwili viwili.
- Mtu kubadilika tabia au kusahau mno bila sababu.
- Kichwa cha mtoto mchanga kukua kupita kiasi.

Mtu mwenye dalili hizi anaweza kuombewa na padre au sheikh wake, na hilo ni jema. Lakini dua na hospitali hazigombani. Apelekwe huku akiombewa.

MRI inafanya kazi namna gani?

Mwili wa mtu una maji mengi, na ubongo pia. MRI ni sumaku kubwa yenye umbo la bomba. Nyingi za hospitali kubwa zina nguvu kama mara 30,000 ya ile nguvu ya dunia inayogeuza sindano ya dira. Mgonjwa akilala ndani, chembe ndogo zilizo katika maji ya mwili zinajipanga kwa ile sumaku. Mashine inatuma mawimbi kama ya redio, chembe zinayumba, kisha zinarudi mahali pake zikitoa sauti yao ndogo. Kompyuta inaisikiliza na kuchora picha. Nyama nzuri, uvimbe, usaha na damu hazirudi kwa mwendo mmoja, ndiyo maana kwenye picha zinaonekana tofauti.

MRI haitumii miale kama eksirei au skani ya CT. Paul Lauterbur wa Marekani na Peter Mansfield wa Uingereza walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2003 kwa kazi yao ya kuleta kipimo hiki.

Kipimo huchukua kama nusu saa hadi saa moja. Mashine inagonga kwa kelele nyingi, lakini haiumi. Kazi ya mgonjwa ni kutulia tu. Mtoto mdogo anaweza kupewa dawa ya kulala, kwa hivyo ulizeni mapema kama asile kitu kabla.

Inajuaje ni uvimbe wa aina gani?

Daktari haangalii picha moja. Anauliza maswali kadhaa, na mashine inamjibu kwa picha mbalimbali.

Kwanza, uko wapi? Uko ndani ya ubongo wenyewe, au umeshika ngozi inayoufunika? Uvimbe wa ile ngozi mara nyingi si saratani. Hukua pole pole, na wengi wakifanyiwa upasuaji hupona.

Pili, unanywa dawa ya rangi? Wakati mwingine mgonjwa hudungwa dawa katika mshipa ili picha ionekane vizuri. Uvimbe wa ngozi ya ubongo kwa kawaida hung'aa wote sawasawa. Saratani kali ya ubongo mara nyingi hung'aa pembeni kama pete, na katikati ni nyama iliyokufa.

Tatu, maji yanatembea ndani yake? Hapa ndipo kuna faida kubwa kwetu. Jipu la ubongo nalo linaweza kuonyesha pete kama saratani. Lakini usaha ni mzito, maji hayatembei humo, na picha maalum huonyesha hilo. Kifua kikuu nacho huweza kuingia kichwani na kufanya donge linalofanana na saratani. Jipu na TB vina dawa yake, na dawa za TB katika hospitali za serikali ya Kenya hutolewa bure. Fikirini mtu aliyeambiwa "ni saratani, mrudisheni nyumbani", kumbe ana TB!

Nne, damu na kemikali zikoje? Mashine nyingine hupima damu inayoingia kwenye uvimbe na kemikali zilizomo. Uvimbe unaokua haraka hujitengenezea mishipa mingi ya damu.

Je, hiyo inatosha?

Mara nyingine ndiyo, mara nyingine hapana. MRI inaweza kumwonyesha daktari kwamba uvimbe huu ni wa kungoja na kupimwa tena baada ya miezi, bila kugusa kichwa. Lakini kuna magonjwa yanayofanana mno. Hapo daktari ataomba kuchukua kipande kidogo cha uvimbe kikapimwe maabara, maana aina nyingi za saratani ya ubongo zinajulikana kwa hakika hapo tu. Mara nyingi hutoboa tundu dogo na kupitisha sindano, akiongozwa na zile picha. Kwa hivyo akiomba hivyo msiseme mashine imeshindwa. Ndiyo imemwonyesha njia.

Jihadharini na chuma

Hapa watu wa upande wetu wasikilize sana. Tangu vita vya shifta vya 1963 hadi 1967, na ujambazi na mashambulizi ya miaka iliyofuata, kuna watu wanaotembea na kipande cha risasi mwilini. Wengine wamekizoea mpaka wamekisahau. Ile sumaku inaweza kuvuta chuma au kukipasha moto, na kikiwa karibu na jicho, ubongo au mshipa mkubwa ni hatari. Semeni ukweli, hata kama hamtaki kueleza risasi ilitoka wapi. Daktari anatafuta usalama wa mgonjwa tu. Ataomba eksirei kwanza.

Semeni pia kama mgonjwa ana chuma cha mfupa au mashine ya moyo, kama ni mjamzito, au kama figo zake ni mbaya. Pini za mtandio, bangili, hirizi yenye kikasha cha chuma na wanja wa macho viondolewe. Hina haina shida.

Kabla ya kuuza mbuzi

1. Nendeni kwanza Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Garissa. Ulizeni ni vipimo gani vinafanya kazi wiki hiyo, na mpate barua ya rufaa. Nairobi ni zaidi ya kilomita 350, msipande basi kwa kubahatisha.
2. Ulizeni bei hospitali mbili au tatu. Ulizeni kama dawa ya rangi imehesabiwa.
3. Jiandikisheni SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kabla ugonjwa haujaingia. Ilipoanza, mchango wa chini kabisa uliwekwa shilingi 300 kwa mwezi kwa kila nyumba. Kikundi kinaweza kusaidiana kwa zamu, kama mnavyofanya kwa vyombo na mabati.
4. Mgonjwa na msindikizaji wabebe vitambulisho. Vizuizi vya njiani mnavijua.
5. Rudini na picha na ripoti yake, na mzitunze mbali na jua na maji. Mgonjwa asiye na picha zake huenda akalipishwa kipimo kile kile mara ya pili.

Njia huenda ikafupika siku zijazo. Mwaka 2022, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Uganda, wataalamu waliunganisha MRI ndogo yenye sumaku dhaifu, wakiwafikiria watoto wenye maji kichwani. Picha zake si kali kama za mashine kubwa, lakini haihitaji gharama ile kubwa. Wakati kaunti inapokusanya maoni ya wananchi kuhusu bajeti, nanyi mfike muulize juu ya vipimo.

Maswali ya kujadiliana

- Katika kijiji chetu, ni nani mwenye dalili tulizotaja na bado hajapimwa?
- Ni nyumba ngapi za kikundi chetu ziko ndani ya SHA?
- Mfuko wetu wa dharura ukiombwa leo, unaweza kumfikisha mgonjwa na msindikizaji Nairobi na kuwarudisha?