Dhahabu ya shimo haiingiake mu kinywa hivi hivi

Ndugu yetu mumoja, muchimbaji wa upande wa Manguredjipa, alitunza gramu mbili za dhahabu, akashuka nazo Butembo mpaka kwa fundi wa pete na mikufu. Kwa daktari wa meno hakupita. Fundi akamutengenezea kofia ya jino, ikang'aa, sisi wote tukamupongeza. Kisha miezi kidogo shavu likavimba. Kumbe chini ya kofia jino lilikuwa linaendelea kuoza. Wakaling'oa, na dhahabu yake.

Sisemi dhahabu ni mbaya. Ndani ya kinywa haioti kutu, na inadumu miaka mingi. Lakini ile safi, ya karati 24, ni laini: ukitafuna muhindi wa kuchoma kila siku, inabonyea. Ndiyo maana dhahabu ya madaktari wanaichanganya na paladiamu, feza na shaba, kwa kipimo. Na ile yetu tuliyokamata na zebaki, hata ukiichoma ikabaki manjano, inaweza kubakia na zebaki ndani. Fundi wa mikufu ataiona na nini?

Kwa magego ya nyuma, chuma kinatosha. Nani anayaona? Kofia ya chuma inakuwa nyembamba, daktari anapunguza jino kidogo tu. Kuko ya kobalti na kromu, bei yake iko chini ya dhahabu. Kobalti yenyewe ni ndugu zetu wa Kolwezi wanachimba: Kongo inatoa karibu 70% ya ile ya dunia nzima. Lakini vyuma vingine vya bei chini viko na nikeli. Kama saa ao hereni za bei ndogo zinakuwashaka ngozi, mwambie daktari mbele.

Meno ya mbele, mutu anataka nyeupe. Poseleni ni nzuri kwa macho, lakini ile iliyopakwa juu ya chuma inaweza kubanduka kwa mwenye kusaga meno usiku. Zirkonia nayo ni nyeupe na ngumu sana, inabeba hata magego, kama mufuko unaruhusu.

Mbele ya yote, omba picha ya jino, waone kama mizizi ni mizima. Halafu jina la chuma liandikwe kwenye fakture. Akikujibu tu « ni chuma kizuri », simama, uende kwa mwingine.