Mkazi wa Makao ya Wazee Naye Aulizwe

Mzee mwenye demensia, maradhi yanayomaliza kumbukumbu kidogo kidogo, akipiga kelele usiku kucha na kumsukuma kila anayetaka kumwogesha, makao mengi ya wazee barani Ulaya yalizoea kumpa dawa za magonjwa ya akili ili atulie. Bettina Husebø, daktari wa Bergen nchini Norway, aliwaza vingine: huenda mzee huyu anaumwa, na maneno ya kulisema hilo yamemwishia.

Jibu lisingepatikana bila wazee wenyewe. Yeye na wenzake waliingia katika makao 18 magharibi mwa Norway na kushirikisha wakazi 352 wenye demensia na fujo. Kundi moja liliendelea na huduma ya kawaida. Jingine lilipewa dawa za maumivu kwa hatua, kwa wiki nane. Wengi hawakuhitaji kuvuka hatua ya kwanza, yaani parasetamoli ile ile tunayoinunua dukani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011: fujo zilipungua kwa wastani wa asilimia 17 kuliko kwa waliobaki na huduma ya kawaida.

Namna walivyopima maumivu ya mtu asiyeweza kujieleza inastahili kutazamwa kwa karibu. Muuguzi humsaidia mzee kufumbua viganja, kimoja baada ya kingine. Humnyoosha mikono kuelekea kichwani, humkunja magoti na nyonga, humgeuza kitandani upande huu na ule, kisha humkalisha ukingoni. Kwenye kila tendo hutazama uso na kusikiliza. Je, amekunja uso? Amegumia? Amekaza mwili au kuuzuia mkono wa muuguzi? Hapo ndipo maumivu yanapopewa alama.

Zile dawa za magonjwa ya akili zenyewe zilikuwa zimekwisha kuchunguzwa Uingereza. Wakazi 165 wa makao ya wazee wenye ugonjwa wa Alzheimer, waliokuwa wakizimeza, waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu waendelee nazo, nusu wapewe vidonge visivyo na dawa. Taarifa ya mwaka 2009 inatisha. Baada ya miaka miwili, asilimia 71 ya walioachishwa walikuwa hai, na asilimia 46 tu ya wale walioandikiwa kuendelea. Ni utafiti mdogo, lakini nani angeitambua hatari hiyo kama wazee hawa wangeachwa nje ya utafiti kwa kuwa ni dhaifu mno?

Na mara nyingi huachwa nje. Majaribio mengi hupendelea mtu mwenye ugonjwa mmoja na kumbukumbu kamili, ilhali mkazi wa makao huwa na magonjwa matatu au manne na sahani ya vidonge kila asubuhi. Hata chanjo za UVIKO-19 hazikujaribiwa kwao katika majaribio makuu, na bado Desemba 2020 waliwekwa mstari wa mbele kuchanjwa, Uingereza na Marekani.

Hofu ya kuwafanyia utafiti watu dhaifu nayo ina historia. Mwaka 1963, katika hospitali moja ya Brooklyn, wagonjwa 22 walidungwa chembe hai za saratani bila kuambiwa ni nini. Madaktari watatu vijana walikataa kushiriki. Kinga zilizopo leo zimetokana na maovu ya namna hiyo, na sitaki hata moja ilegezwe.

England na Wales, sheria ya mwaka 2005 kuhusu uwezo wa kuamua inaanza na dhana kwamba kila mtu mzima anaweza kujiamulia mpaka ithibitike vinginevyo. Basi mzee huelezwa kwanza, kwa maneno mepesi, saa ambayo akili yake imechangamka, kifaa chake cha kusikilizia kikiwa sikioni. Asipoweza, mtafiti hutafuta mtu wake wa karibu asiyelipwa kumtunza, amshauri mzee mwenyewe angetaka nini. Si anachokitaka mwanawe! (Majaribio ya dawa yana kanuni zake.) Kinachoniuma ni pale meneja au familia inapojibu "hapana" kabla mzee hajaulizwa neno.

Utafiti mwingine huanzia jikoni tu. Nchini Australia, makao 60 yenye wakazi 7,195 yalishiriki katika jaribio la miaka miwili. Nusu yaliongeza maziwa, mtindi na jibini mezani. Kuvunjika nyonga kulipungua kwa asilimia 46.

Sheria ile ya England inasema pia kwamba mshiriki asiye na uwezo wa kuamua akionyesha kupinga, hata kwa kuuvuta mkono tu, tendo hilo lisifanyike, isipokuwa ni la kumkinga na madhara. Wa kwanza kuiona dalili hiyo kwa kawaida ni mhudumu wa zamu, na miongoni mwa wahudumu hao wamo Waafrika Mashariki. Mhudumu huyo ana haki ya kusema "acha" mbele ya profesa, na mtafiti anapaswa kumsikiliza.