Mchanga wa Kariakoo, Mfinyanzi wa Msimbazi

Ghorofa jipya linapochimbiwa msingi Kariakoo, Dar es Salaam, kinachopakiwa kwenye malori ni mchanga. Chembe zake nyingi ni kwatzi, madini magumu yasiyo na potasiamu wala kalsiamu ya kuupa mmea. Mvua ya masika hupenya kati ya chembe hizo na kushuka haraka, ikiondoka na virutubisho vyovyote ilivyovikuta juu.

Mchanga huo na udongo wa mfinyanzi ni watoto wa mwamba mmoja. Mwamba wa matale ukioza kwa mvua na joto la miaka mingi, madini ya feldispa hugeuka kaolini, udongo laini mweupe, ilhali kwatzi hubaki ilivyo. Vilima vya Pugu vina hazina kubwa ya kaolini, na huko ndiko unakoanzia mto Msimbazi. Maji yakipungua kasi, mchanga hutua kwanza. Mfinyanzi husafiri mbali zaidi, ukatua pale mafuriko yanapotulia, kama bondeni Jangwani, si mbali na soko la Kariakoo.

Chembe ya mfinyanzi haifiki milimita 0.002. Kwa udogo huo, gramu moja tu ya kaolini ina nyuso ambazo zikitandazwa hutosha sakafu ya chumba cha kupanga. Nyuso hizo zina chaji hasi, kwa hiyo hushika potasiamu, kalsiamu na magnesiamu, ambazo chaji zake ni chanya. Mzizi wa mchicha hutoa haidrojeni, nayo hukaa mahali pa virutubisho hivyo. Vikiachiwa, mmea huvinywa pamoja na maji. Kwenye mchanga mtupu biashara hiyo karibu haipo, na ndiyo sababu mkulima wa mjini huchanganya mboji na samadi: mboji nayo ina chaji hasi.

Naitreti haishikwi hivyo, kwa kuwa chaji yake pia ni hasi. Hapa jambo linagusa afya ya watu moja kwa moja. Naitrojeni ya vyoo vya shimo hugeuzwa naitreti na bakteria, kisha hushuka na maji hadi kwenye visima, vilivyoongezeka sana jijini baada ya ukame wa 1997. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita, hasa kwa ajili ya watoto wachanga. Kuchemsha huua vijidudu, lakini naitreti hubaki, tena huzidi kukolea maji yanapopungua sufuriani. Mama anayekoroga maziwa ya mtoto kwa maji ya kisima anastahili kuambiwa hili waziwazi.

Mfinyanzi nao hauchagui. Chaji inayoshika kalsiamu hushika pia metali za risasi na kadimi zinazoletwa na maji machafu ya viwanda na karakana. Mwaka 1999 watafiti Bahemuka na Mubofu walichapisha vipimo vya metali hizo katika mboga za majani zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi. Risasi nyingi hukaa kwenye vumbi lililoganda juu ya majani, na kuosha vizuri huipunguza. Kadimi hupanda kutoka mizizini hadi ndani ya jani, na haitoki kwa maji ya ndoo.