Ushirika wa Nyumba: Njia ya Tatu kwa Wapangaji wa Alief

Leo tunakupeleka Alief, kitongoji kilichoko kusini-magharibi mwa jiji la Houston, katika jimbo la Texas nchini Marekani. Ukipita katika barabara ya Bellaire utaona mabango ya Kivietnam, Kichina na Kihispania yakiwa yamepangana bega kwa bega. Na nyuma ya barabara hiyo, katika nyumba za kupanga za ghorofa mbili mbili, Kiswahili nacho kinasikika: cha Bukavu na Uvira, cha Mombasa, cha Dar es Salaam, na cha wale waliokulia katika kambi za Nyarugusu na Kakuma.

Wengi wao wana kilio kimoja. Familia inalipa kodi ya pango kila mwezi, miaka kumi, miaka kumi na mitano, bila kukosa. Siku inapohama, inaondoka na masanduku yake tu. Kununua nyumba nako kunahitaji malipo ya awali na historia nzuri ya mikopo, vitu ambavyo mgeni hanavyo. Je, kati ya kupanga maisha yote na kununua nyumba peke yako, hakuna njia ya tatu? Ipo, nayo ni ushirika wa nyumba.

Jinsi Alief ilivyokuwa mji wa wapangaji

Alief ilikuwa kijiji cha wakulima, na jina lake linatokana na Alief Ozelia Magee, mwanamke aliyekuwa msimamizi wa kwanza wa posta ya mahali hapo. Katika miaka ya 1970 biashara ya mafuta ilishamiri, na Houston ikapanuka kuelekea magharibi. Wajenzi walisimamisha maelfu ya fleti kwa ajili ya vijana waliomiminika kutafuta kazi. Kisha mafuta yakaporomoka bei, na kufikia mwaka 1986 uchumi wa jiji ulikuwa umeyumba vibaya. Fleti zikabaki tupu. Wenye nyumba wakashusha kodi ili wapate wapangaji, na waliokuja walikuwa wahamiaji na wakimbizi kutoka Asia, Amerika ya Kati na Afrika.

Majengo hayo sasa yana umri wa miaka 40 na zaidi. Paa zinavuja na mabomba yamechoka, ilhali kodi hupanda. Sheria ya Texas haiziruhusu serikali za miji kuweka kikomo cha kodi za nyumba, isipokuwa wakati wa maafa na kwa idhini ya gavana. Mpangaji aliyechelewesha kodi anaweza kupewa notisi ya siku 3 tu kabla ya mwenye nyumba kwenda mahakamani, ikiwa mkataba haukusema vinginevyo. Kwa hiyo mzazi anayemsomesha mtoto katika shule za Alief hana hakika kama mwakani mtoto huyo atakuwa katika shule ile ile.

Ushirika wa nyumba ni nini?

Misingi yake ni ile ile iliyowekwa na wafumaji wa Rochdale, Uingereza, mwaka 1844 walipofungua duka lao la ushirika: mwanachama mmoja, kura moja, na faida kurudi kwa wanachama wenyewe. Katika ushirika wa nyumba, hakuna mtu anayemiliki fleti yake peke yake. Ushirika ndio unaomiliki jengo zima, na ndio unaochukua mkopo mmoja kwa jengo zima. Mwanachama hununua hisa, na hisa hiyo humpa haki ya kuishi katika fleti fulani, kupiga kura katika mkutano mkuu, na kuchagua bodi.

Tufanye hesabu ya mfano, tena ya mfano tu. Tuseme wanachama 60 wanataka kununua jengo la fleti 60 ambalo, pamoja na ukarabati, linagharimu dola milioni 6. Kila mmoja anatoa hisa ya dola 5,000, na kiasi kinachobaki, dola milioni 5.7, kinakopwa kwa riba ya asilimia 6 kwa miaka 30. Marejesho ya mkopo huo ni takriban dola 570 kwa kila fleti kwa mwezi. Ukiongeza kodi ya majengo, bima, maji, matengenezo na akiba, tuseme dola 450, kila familia italipa takriban dola 1,020.

Huenda kiasi hicho kisiwe pungufu sana ya kodi ya pango ya mwaka wa kwanza. Tofauti inaonekana baadaye. Zile dola 570 hazitapanda iwapo mkopo ni wa riba isiyobadilika, na baada ya miaka 30 zitakwisha kabisa. Hakuna mwenye nyumba anayesubiri faida, wala anayeweza kuliuza jengo usiku na kuwashangaza wakazi asubuhi.

Je, mwanachama anapohama? Hapo kuna aina mbili za ushirika. Katika aina ya kwanza, hisa huuzwa kwa bei ya soko, kama zinavyouzwa nyingi za fleti za ushirika za New York. Katika aina ya pili, bei ya hisa ina kikomo: unarudishiwa ulichoweka na nyongeza ndogo iliyoandikwa katika katiba ya ushirika. Hutatajirika, lakini hutaondoka mikono mitupu, na familia itakayokufuata itaingia kwa bei inayoimudu. Aina hii ya pili ndiyo inayowafaa watu wa kipato cha chini.

Kijiji cha Kivietnam ndani ya Houston

Texas si nchi ya ushirika wa nyumba kama ilivyo New York. Mifano yake mingi ni ya wanafunzi wa Austin, ambao wameishi katika nyumba za ushirika tangu miaka ya 1930. Hata hivyo, Houston yenyewe ina kisa kimoja kinachofaa kusimuliwa Alief.

Karibu na uwanja wa ndege wa Hobby, kusini-mashariki mwa jiji, kuna makazi yaitwayo Thai Xuan. Yalijengwa katika miaka ya 1970 kama fleti za kawaida za kupanga. Mafuta yaliposhuka bei, yalichakaa na kuandamwa na uhalifu. Wakimbizi wa Kivietnam walihamia hapo, na kwa uongozi wa padri wao wa Kikatoliki, katika miaka ya 1990 fleti hizo zilianza kuuzwa moja moja kwa wakazi wenyewe. Nyua zilizokuwa za nyasi zikageuka bustani za mboga na miti ya matunda. Wazee walizungumza lugha yao, na watoto walilelewa na macho ya kijiji kizima.

Kisheria Thai Xuan si ushirika, kwa sababu kila mtu anamiliki fleti yake, na sehemu za pamoja zinasimamiwa na chama cha wamiliki. Udhaifu wa mpango huo ulijitokeza baadaye. Majengo yalichakaa, fedha za matengenezo hazikutosha, na mwaka 2007 viongozi wa jiji walikuwa wakijadili uwezekano wa kuyabomoa. Wakazi walijikusanya, wakakarabati, na kijiji kikanusurika. Funzo lake ni wazi: umoja wa watu unaweza kuliokoa jengo, lakini akiba ya matengenezo lazima ianze siku ya kwanza.

Si jambo geni kwetu

Msikilizaji wa Afrika Mashariki asidhani kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Jijini Dar es Salaam, ushirika wa nyumba wa Mwenge ulianzishwa mapema katika miaka ya 1970, zama za Ujamaa. Kenya ina muungano wa kitaifa wa vyama vya ushirika wa nyumba, NACHU, uliosajiliwa mwaka 1979. Na wakazi wa Kurasini waliopoteza makazi katika miaka ya 2000 kupisha upanuzi wa bandari ya Dar es Salaam hawakutawanyika wote. Baadhi yao, kupitia vikundi vya kuweka akiba vilivyoongozwa zaidi na wanawake, walinunua ekari 30 huko Chamazi na kuanza kujenga kwa njia ya ushirika.

Mfano mwingine uko Voi, nchini Kenya, katika mtaa wenye jina la Tanzania-Bondeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtaa huo ulikuwa ukiboreshwa, na wakazi walikabiliwa na swali gumu. Kila mmoja akipewa hati yake, matajiri si watakuja kununua viwanja na maskini kurudi kulekule walikotoka? Uamuzi wao ulikuwa kwamba ardhi ibaki mali ya jumuiya yote, na kila mtu amiliki jengo lake tu.

Wasikilizaji wa pwani watalitambua wazo hili mara moja, maana linafanana na wakfu: mali iliyofungwa, isiyouzwa, ambayo manufaa yake yanaendelea kizazi hadi kizazi. Houston nayo ina wakfu wa ardhi wa aina hiyo, usio wa kidini, ulioanzishwa mwaka 2018. Mnunuzi anamiliki nyumba, wakfu unamiliki ardhi na kumkodisha kwa miaka 99, na akiuza anauza kwa bei yenye kikomo.

Kwa Waislamu wanaoepuka riba, kuna mfano wa Toronto, Canada, ambako ushirika wa nyumba wa Ansar ulianzishwa mwaka 1981. Wanachama huchanga hisa, ushirika hununua nyumba pamoja na mkazi, naye hulipa pango kwa sehemu isiyo yake huku akiongeza umiliki wake kidogo kidogo.

Hatari zake

Tusimpake asali msikilizaji. Ushirika una matatizo yake, na la kwanza ni kwamba deni ni la wote. Familia kumi zikishindwa kulipa, hamsini zitabeba mzigo. Hivyo akiba ya dharura ni lazima, na pia masharti ya wazi kuhusu anayechelewa kulipa, awe jirani, ndugu au mjumbe wa bodi.

La pili ni gharama ambazo ushirika hauna uwezo nazo. Kodi ya majengo na bima ni ghali Texas, na bima imezidi kupanda kwa sababu ya dhoruba. Co-op City, mji wa ushirika wenye nyumba 15,372 huko Bronx, New York, ulifunguliwa mwaka 1968 ukiahidi makazi nafuu. Ujenzi uligharimu zaidi ya ilivyotarajiwa, malipo ya kila mwezi yakapanda mara kwa mara, na mwaka 1975 wakazi waligoma kulipa. Mgomo ulidumu miezi 13 na ulikwisha wakiwa wamepata usimamizi wa mji wao. Waligundua kuwa kuitwa mwanachama bila kuwa na sauti katika bodi ni kuwa mpangaji kwa jina jingine.

La tatu ni uongozi. Wenye kuijua historia ya vyama vya ushirika nyumbani, vya kahawa na vya pamba, wanajua jinsi mweka hazina mmoja asiye mwaminifu anavyoweza kuvunja imani ya watu elfu. Dawa yake si matamko bali ni utaratibu: hesabu zikaguliwe na mtu wa nje kila mwaka, hundi ziwe na sahihi zaidi ya moja, na vitabu viwe wazi kwa kila mwanachama.

Mafuriko na baridi

Mwezi Agosti 2017, kimbunga Harvey kilimwaga zaidi ya sentimita 100 za mvua katika baadhi ya sehemu za eneo la Houston. Mwezi Februari 2021, baridi kali ilikata umeme na kupasua mabomba katika majumba mengi ya kupanga. Katika majanga kama hayo mpangaji hana mamlaka ya kuamua. Anasubiri mwenye nyumba, ambaye pengine ni kampuni iliyoko jimbo jingine.

Wanachama wa ushirika wanaweza kupiga kura wafunike mabomba kabla ya baridi, wabadilishe madirisha yanayopitisha joto, au wainue mitambo ya umeme juu ya kina cha mafuriko. Wanafanya hivyo kwa sababu bili wanalipa wao, na watakuwapo miaka ishirini ijayo kufaidi. Hata uwanja wa jengo unaweza kulisha watu. Houston tayari ina wakulima wakimbizi, wengi wao wenye asili ya Kongo, wanaolima mashamba madogo ya mboga mjini kwa msaada wa shirika la Plant It Forward.

Pa kuanzia

Hakuna anayeanza na dola milioni 6. Mahali pa kuanzia ni pale ambapo tayari watu wanaaminiana. Mtanzania anacheza upatu, Mkenya ana chama chake, Mkongomani ana likelemba. Kikundi kilichozungusha fedha miaka mitano bila ugomvi kimekwisha kufaulu mtihani mgumu kuliko wote. Hatua inayofuata ni kuacha kugawana fungu lote na kubakiza sehemu kama akiba ya pamoja, kujisajili kisheria, kumtafuta mwanasheria anayezijua sheria za ushirika za Texas, na kuanza na jengo dogo la familia nne au sita kabla ya kutamani kubwa.

Tena milango isiwe ya kabila au taifa moja. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 inakataza ubaguzi wa rangi, dini na asili katika makazi, na Alief yenyewe haina kundi moja linaloweza kusimama peke yake. Jirani Mvietnam anaijua habari ya Thai Xuan kuliko sisi. Si vibaya kumbishia hodi na kumuuliza.

Haba na haba hujaza kibaba, mpenzi msikilizaji, lakini kibaba chenyewe lazima kiwe chetu.